Kura ya Jabez Stallard na Pumzi ya Mama Yake

Kanuni ya Jabez Stallard ilikuwa fupi: serikali isimpe kitu kwa ajili ya sala zake, naye asiipe kitu kwa ajili ya sala za mtu yeyote. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa fundi mapipa, na huenda aliipata kwenye kazi yake, maana pipa zuri hushikwa na pete zake lenyewe, halingoji mtu alikumbatie lisimwagike.

Kabla ya vita vya Virginia na Mfalme wa Uingereza, wakati ushuru wa parokia ulikuwa lazima kwa kila mtu, Jabez hakuwahi kuupeleka kwa mikono yake. Kila mwaka sherifu, askari mkuu wa kaunti, alikuja mwenyewe, akaingia ghalani, akabeba tumbaku iliyotozwa kama ushuru wa kasisi wa kanisa la serikali, na Jabez akamfungulia mlango kwa adabu bila kumsaidia kubeba hata jani moja. Kisha akakamatwa akihubiri Kibaptisti bila kibali. Hakimu alimtaka jambo jepesi tu: aahidi kunyamaza mwaka mmoja, aende nyumbani akale chakula chake. Jabez akajibu kwamba aliyemtuma hakupitia mahakamani kuomba kibali. Wakamfungia.

Basi akahubiri kupitia nondo za dirisha la gereza. Watu wakajaa nje. Vijana wa mjini wakaleta ngoma ili asisikike, wakaipiga mpaka mikono ikawauma. Phillis, mwanamke mtumwa wa Kanali Wormall, alikuwa akipita na ndoo ya maziwa. Akaitua, akaanza wimbo wa ubatizo kwa sauti iliyoimeza ngoma nzima nzima. Umati ukaitikia. Walioshindwa kwa wimbo wakatafuta njia nyingine: wakachoma pilipili na unga wa kiberiti mlangoni, moshi ukajaa chumbani. Jabez alitoka gerezani mzima wa mwili, lakini sauti yake ilibaki mle. Tangu siku hiyo alizungumza kama msumeno kwenye mti mbichi, na kuhubiri kukamshinda. Mimbari ikachukuliwa na shemeji yake, Zadok Pruett, kaka wa mkewe Dorcas.

Ilipofika masika ya mwaka 1785 Mfalme alikuwa ameshindwa, Virginia ilikuwa inajitawala, na Jabez alikuwa na hofu moja tu duniani: kikohozi cha mama yake.

Shamba walilokaa, pamoja na karakana na nyumba, lilikuwa mali ya Kanali Wormall. Marehemu baba yake alilipanga kwa maisha matatu, kama ilivyo kawaida ya Virginia: maisha yake, ya mkewe Mehitabel, na ya mwanawe wa kwanza. Maadamu mmoja kati ya hao watatu anapumua, akina Stallard hawaondoki. Akifa wa mwisho, ardhi inarudi kwa mwenyewe. Baba alikufa kwa homa. Mwana wa kwanza alikufa vitani. Jabez hakuwa ametajwa. Kwa hiyo nyumba, karakana, miti ya mwaloni ya kuchania mbao, na mabinti wanne, vyote vilining'inia kwenye pumzi ya Bibi Mehitabel, aliyekuwa na miaka themanini na ushei na mdomo wa kisu.

Bibi alijua thamani yake, akaitumia. Akipiga chafya, mabinti walikimbia na blanketi. Akisema supu ni baridi, Dorcas aliipasha mara mbili. Majirani walipomuuliza hali, alijibu kwamba yeye siku hizi si mtu, ni shamba lililovaa kofia.

Majira hayo habari moja ilikuwa kila mdomoni. Muswada ulikuwa umechapishwa na kusambazwa kaunti zote: kila mtu atozwe kodi kwa ajili ya walimu wa dini ya Kikristo, lakini safari hii kila mlipaji achague mwenyewe kanisa litakalopata fedha yake. Mbaptisti ampe Mbaptisti, Mpresbiteri ampe Mpresbiteri. Watu wakubwa waliuunga mkono. Walisema vita vimeharibu tabia, vijana wanacheza kamari, makanisa yanaota nyasi, na taifa lisilo na dini litaoza.

Zadok aliupenda muswada huo, na hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na watoto saba na kiatu kimoja na nusu. Jumba lao la ibada lilivuja hata watu wakachagua viti kwa kutazama mawingu. Alikuja kula kwa dada yake, akakata mkate wa mahindi, akaanza.

"Shemeji, wakati ule walitunyang'anya wakampa kasisi wao. Sasa wanasema chetu kitarudi kwetu. Ubaya uko wapi?"

"Kitarudi kikiwa kimepitia mkono wa nani?" Jabez akakwaruza.

"Wa sherifu. Atakikusanya tu."

"Sherifu yule yule aliyenifungia."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Lakini hula, Zadok. Wewe umekubali kuliwa kidogo kidogo."

Bibi Mehitabel akasema kutoka pembeni ya moto kwamba paa likivuja, watu wapande na mbao, si na muswada. Zadok akajibu kwamba mbao haziji kwa maombi peke yake. Bibi akamwambia kuwa amemsikia akiomba, na kweli, hata yeye angekuwa mbao asingekuja.

Ndipo alipopita mhubiri mmoja msafiri aliyetoka Richmond, akalala kwao, akawasha nyumba nzima kwa habari. Alikuwa ameketi kwenye viti vya wasikilizaji bungeni msimu uliopita, akamsikia Bwana Madison, mjumbe wa kaunti ya Orange, akiupinga muswada. Alisimulia kwamba mtu huyo ni mfupi, mwembamba, na sauti yake ni ndogo kiasi kwamba walio nyuma huegemea mbele kama wanaokota sindano. Lakini alichosema kilikuwa kizito. Alisema swali si kama watu wanahitaji dini. Swali ni kama dini inahitaji kushikwa mkono na serikali. Imani ni kitu kati ya mtu na Muumba wake, wala bunge halikupewa funguo za chumba hicho. Na serikali ikikubaliwa leo kuwasaidia Wakristo wote, kesho ina haki ile ile ya kuchagua Wakristo gani. Tena, serikali zilizoilea dini ndizo zilizoiharibu. Dini ilipoachwa peke yake, hata ikiteswa, ilisimama.

Jabez alikuwa ameshika kijiko, akakisahau hewani. Miaka yote alidhani kanuni yake ni ukaidi wake mwenyewe. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine, msomi, tena wa kanisa lile la serikali, aliyeiona kama yeye alivyoiona. Akamwomba mgeni arudie. Akamwomba arudie tena. Mgeni alipokwenda kulala, Jabez alikuwa bado anatembea chumbani, mpaka Dorcas akamuuliza kama Bwana Madison naye atalala kitandani mwao.

"Ana sauti ndogo," Jabez akamwambia mkewe, akicheka kwa mkwaruzo. "Umesikia? Sauti ndogo kama yangu."

Uchaguzi wa wajumbe ulikuwa umekaribia. Kaunti ilipeleka wawili. Kiti cha kwanza hakikuwa na ubishi, vita vilikuwa vya kile cha pili. Kanali Peregrine Wormall alikigombea, akiunga mkono kodi. Aliyempinga alikuwa Elkanah Boothe, mpima ardhi mwenye koti lililopauka, aliyesema kwamba dini isiguswe na sheria.

Kanali akaja karakanani akiwa juu ya farasi, mchangamfu kama kawaida yake. Aliagiza mapipa mawili ya ramu ya siku ya kura, maana mgombea asiyewanywesha watu wake huonekana bahili na hushindwa. Kisha akashuka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema amefikiri juu ya ule upangaji. Si haki familia nzima iishi kwa kuogopa kikohozi. Yuko tayari kuandika maisha matatu mapya: Jabez, Dorcas, na binti yao mdogo, Thirza. Thirza alikuwa na miaka sita; angeweza kuishi miaka sabini. Wataweka sahihi siku ile ile ya kura, karani akiwa hapo hapo mahakamani.

Hakusema neno la kura. Alipopanda farasi ndipo akaongeza kwamba atafurahi kuwaona majirani zake wakisimama pamoja naye.

Dorcas alilia kwa furaha mpaka akaketi juu ya pipa. Jabez hakulia wala hakufurahi. Alimweleza mama yake yote, akamwambia kwamba Kanali ni mtu mwema, na kwamba wema wake ndio unaomkaba koo. Angekuwa mkali, jibu lingekuwa rahisi.

Bibi Mehitabel akamgeukia. "Mwanangu, unakuja kwangu nikuruhusu kuwa mwoga?"

"Ninakuja kwa sababu nyumba ni pumzi yako, Mama."

"Basi pumzi ni yangu. Kura ni yako. Wewe kapige kura kama Mbaptisti, mimi nitajitahidi nisife."

Siku ya kura mji ulifurika. Farasi walifungwa hadi kwenye uzio wa kanisa. Nguruwe walikuwa wakigeuzwa juu ya makaa, na mapipa ya Jabez yalikuwa yameshatobolewa, ramu yenye sukari na ndimu ikitoka kwa vikombe, na kila aliyekunywa alisifu ama Kanali ama fundi. Ngumi zilikuwa zimeshapigwa mara mbili kabla ya saa ya chakula. Watu wa Boothe, ambaye hakuwa na ramu, walijitapa kwamba wao ndio peke yao watakaokumbuka walimpigia nani. Watu wa Kanali wakajibu kwamba Boothe amepima ardhi ya kila mtu ila ya kwake, kwa kuwa hana.

Kwao kura haikufichwa. Wagombea waliketi bega kwa bega kwenye benchi la mahakama, sherifu katikati, karani chini yao. Mpiga kura alipanda mbele, akaulizwa jina, akatamka kwa sauti mbele ya wote ampendaye. Na aliyetajwa aliinuka, akainama, akamshukuru kwa jina. Umati ukashangilia au ukazomea. Hakuna aliyetoka pale bila jirani yake kumjua.

Hesabu ilikwenda kama watu wawili wanaovutana kamba. Kanali akitangulia, Boothe akimfikia. Ikawa sawa. Kanali akaongoza kwa mmoja. Ikawa sawa tena. Watu walipanda madirishani. Wapangaji wa Kanali walikuwa wamesimama kwa kundi nyuma, wakitazama viatu vyao, na kadiri hesabu ilivyobana ndivyo walivyosukumana mbele mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipenda mwenzake atangulie. Zadok hakuwa na ardhi wala upangaji wa maisha, kwa hiyo hakuwa na kura. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Sherifu akaita, "Jabez Stallard!"

Mtu mmoja akapaza sauti, "Mpisheni mwenye mapipa!" Watu wakacheka. Jabez akapanda. Mezani kwa karani, kando ya kitabu cha kura, ule mkataba ulikuwa umeshawekwa, na wino mpya ukiwa wazi. Aliona herufi kubwa ya kwanza ya jina la Thirza.

"Unampigia nani kiti cha pili?"

Jabez akafungua mdomo. Jina likatoka kama upepo kwenye ufa. Karani akainua kalamu, asiandike. Sherifu akaweka kiganja sikioni. Nyuma watu wakapiga kelele kwamba hawakusikia.

Kanali Wormall alikuwa amesikia. Alikuwa karibu mno hata asingeweza kukosa kusikia. Uso wake haukubadilika. Akainama mbele kidogo, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka.

"Jabez," akasema chini chini, "hakuna aliyesikia."

Huo ndio uliokuwa mlango, nao ulikuwa wazi. Angeweza kutaja jina jingine, na dunia ingeamini kwamba ndilo alilolitaja kwanza. Jabez akafikiri juu ya Thirza na miaka sabini. Akafikiri juu ya moshi wa pilipili. Kisha, anasema Zadok ambaye alisimulia jambo hili hadi uzeeni, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akaita kwa ile sauti iliyochanika mpaka njiwa wa paa la mahakama wakaruka:

"Elkanah Boothe. Na dini yangu muiache ilivyo."

Boothe akasimama kwa pupa hata akaangusha kofia, akainama, akamshukuru, akainama tena. Ndipo ukumbi ukalipuka. Wengine walizomea, wengine walirusha vikombe, na mzee mmoja Mpresbiteri akalia waziwazi bila kujua kwa nini. Katika kelele hizo mpangaji wa kwanza wa Kanali akajitoa kundini, akapanda, akamtaja Boothe. Akafuata wa pili. Wa tatu alimtaja Kanali, na nduguye aliyemfuata akamtaja Boothe huku akimkwepa kwa macho. Mlangoni, Zadok alikuwa amevaa kofia yake na kuivua tena, mara nyingi.

Boothe alishinda kwa kura chache. Walimbeba mabegani kuzunguka uwanja, na kwa kuwa hakuwa na ramu walikunywa ya Kanali kumshangilia. Kanali mwenyewe alimpa mshindi mkono, kama muungwana. Alipopita mezani aliikunja ile karatasi yenye jina la Thirza, akaitia mfukoni. Hakumtukana Jabez. Alimwambia tu kwamba mama yake atunzwe vizuri.

Nje, penye farasi waliofungwa, Phillis alikuwa ameshika hatamu za farasi wa Kanali. Alikuwa na mvi sasa.

"Nimekusikia, Ndugu Jabez," akasema. "Sauti haikufa yote."

"Asante, Dada Phillis."

"Umesema vizuri." Akapapasa shingo ya farasi. "Ila Kanali amekasirika na Wabaptisti. Usiniangalie hivyo. Ninamjua anapokuwa mpole."

Jumapili iliyofuata hakuna mtumwa hata mmoja wa Kanali aliyefika ibadani kwa Wabaptisti kama walivyozoea. Walipewa kazi ya miche ya tumbaku, na Jumapili baada ya hiyo pia, na zote zilizofuata. Jabez alikutana na Phillis kwenye uzio wa shamba, akamwambia kwamba anasikitika. Phillis akamjibu bila hasira kwamba Jabez aliulizwa mbele ya watu wote, mara mbili. Yeye hakuulizwa hata mara moja. Jabez akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Ukweli lazima usemwe: yeye aliyekuwa na sauti ya kuwarusha njiwa mahakamani hakwenda kwa Kanali kumsemea Phillis. Alijiambia kwamba sheria haikumpa nafasi. Sheria haikuwa imempa nafasi ya kuhubiri pia, na alihubiri.

Majira ya joto yakaja na hati ya kuupinga muswada, ikizunguka kaunti baada ya kaunti bila jina la mwandishi. Watu walinong'ona kwamba ni yule yule mfupi wa Orange. Zadok alisomewa mara moja, akatia sahihi kabla ya Jabez, akasema kwamba paa ameshalizoea. Wiki hiyo wanaume wa kanisa walipanda na mbao.

Nyumbani, Bibi Mehitabel alijitahidi. Alikula vitunguu vibichi kama dawa. Alikataa kutoka nje penye baridi, akakataa kuketi karibu mno na moto, akamfukuza kila mgeni aliyepiga chafya. Ugonjwa wa vuli ulipomkamata, nyumba nzima haikulala, naye akafungua jicho moja kuwaambia kwamba waache kumhesabia pumzi, wanamchanganya.

Muswada wa kodi ulikufa bungeni. Kisha Januari mpanda farasi akaleta habari kubwa kuliko hiyo: ilikuwa imepitishwa sheria kwamba katika Virginia hakuna mtu atakayelazimishwa kwenda kanisa lolote wala kuligharamia, na hakuna atakayedhurika kwa ajili ya imani yake. Jabez akakimbia ndani bila kuvua theluji viatuni, akapiga magoti kitandani, akamweleza mama yake kwa ile sauti yake, neno kwa neno. Wajukuu walikuwa wanarukaruka. Dorcas alikuwa anacheka na kulia.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hawawezi kukufungia tena," akasema.

"Hawawezi, Mama. Wala mimi wala mtu mwingine."

"Vizuri. Basi naweza kupumzika kidogo?"

Jabez akamwambia kwamba anaweza.

Bibi alizikwa Februari, na ardhi ikarudi kwa Kanali. Masika akina Stallard walipakia mkokoteni, nyundo na mabinti, wakaelekea Kentucky, mahali ambapo hawakumjua mtu. Kura ile ilimgharimu Jabez Stallard nyumba, karakana, na kaburi la mama yake, ambalo hakuliona tena. Phillis, ambaye hakuwa na kura, ilimgharimu Jumapili zake zote mpaka alipokufa.